Sigara ya Kuba Kinywani mwa Abalo

Abalo alikuwa akivuta tumbaku huku moto ukiwa ndani ya kinywa. Nalitanguliza hili kwa sababu asiyelijua hatayaelewa yaliyofuata, ingawa kule Katwe, mtaa wa Kampala alikokuwa akiuza mukene, hakuna aliyeliona kuwa jambo la kusimuliwa. Alisokota mwenyewe jani kavu la tumbaku ya Arua, akaliwasha, akavuta mpaka ncha ikawa nyekundu, kisha akaligeuza na kufumba midomo juu ya moto. Nje kilibaki kipande baridi, kikichungulia kama mkia wa panya. Mikono yake ilibaki huru kuchota wale dagaa wakavu kutoka Ggaba, na majivu hayakuangukia beseni. Aliyatema pembeni, kwenye kopo la maziwa. Wateja walimsifu kwa usafi.

Mama yake alikuwa akivuta hivyo kule kwao kaskazini, na mama wa mama yake pia. Yeye aliolewa na Otim, sajini wa polisi, akakaa naye kambini miaka mingi, akazaa huko, akajifunza Kiswahili cha huko, kile kinachojua kuamrisha kuliko kubembeleza. Aligombana kwa Kiswahili, akauza kwa Kiganda, akasali kwa lugha ya mama yake. Otim alipofariki, nyumba ya kambi ikapewa askari mwingine, kama ilivyo desturi, naye akapanga chumba Katwe, katikati ya mafundi wa masigiri, yale majiko ya mkaa, na karakana ya Katembo.

Katembo alikuwa fundi wa makochi. Alitoka Butembo, upande wa Kongo, wakati watu wa kwao walipokuwa wakikimbia vita, na alikuwa shemasi katika kanisa dogo la Wakongomani lililokuwa mtaa wa tatu kutoka pale. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye wasiwasi wa kudumu, mtu wa kuomba radhi hata kwa msumari alioupiga nyundo vibaya. Mkewe Hortense alikuwa mshonaji wa nguo na ndiye aliyekuwa na sauti nyumbani.

Siku moja Katembo alinunua kochi kuukuu lililoachwa na mzungu aliyehama nyumba moja ya Kololo. Alipochana kitako chake ili kubadilisha sponji, mkono wake ukagusa ubao. Akatoa sanduku bapa la mbao, lenye kufuli dogo la shaba na maandishi ya kigeni. Ndani yake zilijipanga sigara nene za rangi ya kahawia, kila moja imevaa kijikaratasi chekundu kiunoni kama mkanda. Katembo, kwa kuwa alikuwa mwaminifu kupita kiasi, alimpigia simu dalali wa ile nyumba, naye akamjibu kwamba mwenye kochi amesharudi kwao na kilichomo ndani ya kochi ni sehemu ya kochi.

Hapo angeweza kuzitupa. Lakini juma lile lile alikuja Dokta Okullo kuchukua mabenchi ya chumba chake cha wagonjwa. Okullo alikuwa daktari wa meno, mtu mnene, msafi, mwenye viganja laini, na alipoliona lile sanduku juu ya meza ya kazi, kati ya gundi na misumari, alivua kofia. Aliinama, akanusa bila kugusa, akafumba macho. Kisha akamweleza Katembo kwamba yeye ni mwenyekiti wa Chama cha Moshi wa Jumamosi, watu wachache wanaokutana kwenye bustani ya hoteli moja kule mlimani Kololo kuonja sigara za Kuba na kuzitolea hukumu. Kama hizi ni za Kuba kweli, alisema, chama kitazinunua zote. Lakini lazima zionjwe kwa mujibu wa kanuni.

Kanuni yenyewe ilikuwa na historia. Zamani mfanyabiashara mmoja aliwaletea sigara nzuri kwa nje, kumbe ndani zimejazwa majani makavu ya mgomba. Kanali Ongom, mstaafu wa jeshi na mwonjaji mkuu wa chama, alikohoa mpaka akalazwa. Tangu hapo iliamuliwa kwamba anayeleta sigara, au mwakilishi wake, lazima avute ya kwanza mbele ya wanachama wote, tangu kuwashwa hadi mwisho, ili ionekane kwamba haiogopi.

Katembo akarudi nyumbani na tatizo. Shemasi havuti. Usiku kucha aligeuka kitandani, na asubuhi alikwenda kwa Abalo, akachuchumaa mbele ya beseni la mukene.

"Mama Oola," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza kama majirani wote, "mimi ni shemasi. Moshi ikitoka kwa kinywa yangu, kanisa itasema nini? Lakini wewe unajua tumbako."

Abalo alimtazama, sigara yake ikiwa imezimika kinywani. Aliuliza kama hiyo ya Kuba ni kali. Katembo akasema hajui, lakini imesafiri mbali. Abalo akafikiri, kisha akasema, "Kama ni kuvuta, mimi navuta. Kama ni kusema, utasema wewe."

Wala Katembo hakuwaza juu ya upande wa moto. Alikuwa akimwona jirani yake akivuta hivyo kila siku ya Mungu, na jambo la kila siku halionekani. Aliyekuwa na mawazo ni Hortense, lakini mawazo yake yalikuwa juu ya mavazi. Alisema mwakilishi wa mume wake hawezi kupanda Kololo akinuka ziwa. Akamvika liputa lake jipya, kitenge cha maua ya njano, akamfunga kilemba kirefu, na kwa kuwa harufu ya dagaa haikutaka kuhama, akampulizia manukato yaliyotoka Goma mpaka Abalo akapiga chafya. Dagaa hawakuondoka. Walibaki chini ya yale manukato, wakisubiri.

Jumamosi Katembo alipompeleka, wanachama walikuwa wameketi mwisho kabisa wa bustani, kwa sababu sheria ya nchi inakataza kuvuta ndani na hata karibu na milango, na hoteli haikutaka matatizo. Kwa hiyo viti vyenye vitambaa vyeupe vilipangwa nyuma ya matangi ya maji, kando ya jenereta. Umeme ulipokatika, ilibidi waonje kwa kupigiana kelele. Siku hiyo umeme ulikuwepo. Kulikuwa na Dokta Okullo. Kanali Ongom, mzee mrefu mwenye masharubu meupe, aliyewahi kuishi Havana ujanani. Na wakili Anena, mwanamke mwenye miwani na mkao ulionyooka, ambaye ndiye aliyeandika kanuni za chama. Wengine walikuwa wawili watatu, waliokuja kuvuta tu na kunyamaza.

Abalo aliposikia kwamba yule mzee ni kanali, alisimama wima kama alivyosimama mbele ya wakubwa wa mumewe, akasema, "Jambo, afande." Ongom akaguswa. Akamvutia kiti mwenyewe.

Okullo akafungua sanduku na kumpa kila mtu sigara moja. Kwanza ilikuwa kunusa kabla ya kuwasha. Walinusa kwa utaratibu, macho yamefumbwa. Ongom akasema anapata chumvi. Si chumvi ya jikoni, alisema, bali ya maji mengi, kama pwani. Akanusa tena na kuongeza kwamba kuna samaki kwa mbali. Anena alikubali kuhusu samaki, ila yeye juu yake alipata maua, maua mazito, karibu waridi, na akasema hajawahi kukutana na vitu hivyo viwili ndani ya jani moja. Okullo alisema huenda shamba lenyewe liko karibu na bahari na kuna bustani jirani. Abalo, aliyekuwa ameketi upande unakotoka upepo, alikaa na mikono mapajani.

Halafu ikaja zamu ya kukata ncha. Okullo alimpa Abalo kijikasi cha fedha. Abalo alikigeuza, akakirudisha kwa heshima, akang'ata ncha ya sigara kwa meno ya pembeni na kuitema nyuma ya kiti. Ongom alitabasamu akisema hata wakulima wa Kuba hufanya hivyo. Okullo akawasha kijiti cha mbao na kumshikia moto. Abalo alivuta taratibu, ncha ikawaka duara zima bila upande mmoja kutangulia mwingine, na wanachama wakaambiana kwa sauti ya chini kwamba mama huyu ni mzoefu.

Ndipo akaigeuza.

Sigara ile ilikuwa nene kuliko yoyote aliyowahi kuvuta. Ilimbidi afungue kinywa kama mtu anayeimba, aitie kwa uangalifu juu ya ulimi, kisha afumbe midomo kidogo kidogo kuizunguka. Mashavu yalijaa. Moshi mwembamba ukaanza kutoka puani.

Anena alichukua glasi ya maji na kuinuka nusu, tayari kumwokoa. Katembo aliinamisha kichwa na kuanza zaburi moyoni. Kanali Ongom alimsogelea na kumwambia polepole, kwa sauti ya kumtoa mtoto kwenye ukingo wa kisima, "Mama, umeigeuza."

Abalo aliitikia kwa kichwa kwamba ndiyo.

Ongom akadhani hakuelewa, akamwambia tena kwa Kiacholi. Abalo aliitikia tena kwa kichwa. Katembo akafumbua macho, akaeleza huku akiomba radhi kwamba ndivyo anavyovuta, hata nyumbani, hata akiuza. Wakaanza kujadiliana. Mmoja wa wale wanyamavu alivunja kimya chake kwa mara ya kwanza mwaka ule, akadai kwamba hii siyo kuvuta, ni kumeza. Okullo akauliza kanuni inasemaje. Anena akaifikiri kanuni aliyoiandika mwenyewe, akaigeuza kichwani, na kukiri kwa uchungu wa kiuanasheria kwamba inasema sigara iwashwe na ivutwe tangu mwanzo hadi mwisho. Haisemi kwa upande gani. Kwa hiyo zoezi likaendelea kihalali.

Wote wakawasha zao na kuvuta kwa upande wa kawaida, kila mmoja akimtazama Abalo kwa pembe ya jicho.

Desturi ya waonjaji ni kuigawa sigara mafungu matatu na kueleza ladha ya kila fungu. Fungu la kwanza lilipokwisha, Ongom alisema anapata ngozi ya tandiko na asali ya msituni. Okullo alipata kahawa. Wakamgeukia mwakilishi. Abalo alisogeza sigara upande mmoja wa shavu kwa ulimi, na kupitia nafasi iliyobaki akasema neno moja.

"Moto."

Wakajadili kama moto ni ladha. Okullo alisema si ladha, ni hali. Ongom alisema kwamba kwa mtu aliye karibu nao kiasi kile, huenda moto una ladha yake ambayo wao hawajapata nafasi ya kuijua. Jibu likapokelewa. Fungu la pili lilipofika alikuwa na la kuongeza: "Bado moto."

Mawingu yalikuwa yamekusanyika upande wa ziwa tangu mchana, lakini hakuna aliyekuwa akitazama juu. Mvua ya Kampala haibishi hodi. Ilishuka yote kwa pamoja, ikapiga viti, meza, majani ya migomba nyuma ya ukuta, na sigara zote za Chama cha Moshi wa Jumamosi. Okullo alilifunika sanduku kwa koti lake na kukimbilia kibanda cha jenereta. Wengine wakamfuata wakilinda sigara zao kwa viganja, lakini walipofika chini ya bati kila mmoja alikuwa ameshika kitu kilicholowa na kulegea.

Abalo alikuja wa mwisho, bila haraka, kilemba kikidondosha maji. Alipoingia kibandani alitoa moshi puani. Sigara yake ilikuwa hai.

Ongom alimtazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikiwa imesimama baada ya mafuriko. Alisema kwamba katika maisha yake yote ya uvutaji, na amevuta katika nchi nyingi, hajawahi kuona. Lakini Anena, ambaye akili yake ilifanya kazi vizuri zaidi akiwa amelowa, alikumbusha kwamba bado kuna suala la jivu. Jivu la sigara nzuri hukaa refu bila kukatika, na hapo ndipo mkono wa fundi aliyesokota hujulikana. Sigara zao wote zimekufa. Jivu pekee lililobaki la kupimwa lilikuwa ndani ya kinywa cha mama.

Okullo akakimbia kwenye gari lake na kurudi na kioo cha daktari wa meno, kile kidogo chenye mpini mrefu. Akauliza kwa adabu kama mama anaweza kuwafungulia kinywa. Abalo alimtazama Katembo. Katembo akamtazama Mungu. Abalo akafungua.

Okullo alimulika kwa tochi ya simu na kuingiza kioo pembeni. Jivu lilikuwepo, jeupe, refu, limesimama lote bila ufa. Akamwita Ongom aone. Ongom akaona, akamwita Anena. Walipokezana kile kioo mmoja baada ya mwingine, hata wale wanyamavu, na kila aliyechungulia aliinuka akiwa na uso wa mtu aliyetoka kanisani. Mhudumu wa hoteli alifika na miavuli, akaona kundi la watu wazima wakichungulia kinywa cha mwanamke kinachotoa moshi, akaweka miavuli chini na kuondoka bila kuuliza kama kuna kinywaji kinachohitajika. Anena alipiga picha kwa ajili ya kumbukumbu za chama. Katembo alitokea nyuma, macho yamefumbwa, kichwa kimeinuliwa kidogo, katikati ya moshi.

Mvua ilipopungua, sigara nayo ilikwisha. Abalo alitema kile kishungi nje ya kibanda, akafuta midomo kwa pembe ya liputa. Anena alimwinamia, akamuuliza taratibu fungu la tatu lilikuwa na ladha gani.

Abalo alilamba midomo. Halafu akasema, "Sanduku la Otim."

Ongom akafurahi sana. Alisema ndiyo, ndiyo, huo ni ule mti ambao masanduku ya Kuba hutengenezwa kwake, na kwamba ladha ya mbao mwishoni ni alama njema. Abalo alimsikiliza mpaka mwisho kwa sababu alikuwa kanali. Kisha akamweleza kwamba sanduku la Otim lilikuwa la bati. Alikuwa akiweka humo sare, rangi ya viatu, na tumbaku yake ya akiba ndani ya soksi. Alipokufa, yeye alilifungua mara moja tu, halafu akalirudisha kwa wakubwa likiwa na sare. Okullo, aliyekuwa bado ameshika kile kioo, alikiteremsha. Matone yaliendelea kudunda kwenye bati.

Baadaye wakakaa kutoa hukumu, na hukumu ikawashinda. Sigara zao hazikufika hata nusu. Pua zao zilikuwa zimejaa samaki na waridi. Aliyemaliza ni mmoja tu, na ushahidi wake ulikuwa moto, moto tena, na sanduku la polisi. Walipiga kura, zikalingana. Mwishowe Kanali Ongom alisimama na kutoa tamko kwa niaba ya wote.

"Mvutaji ni halisi," alisema. "Sigara bado hatuijui."

Ikaamuliwa Katembo alete sanduku tena Jumamosi inayofuata. Kabla hawajaagana, Okullo alimvuta Abalo kando. Alisema kwamba pale alipokuwa akikagua jivu, aliona gego la chini, upande wa kushoto, limeoza hadi mzizi, na kiapo chake cha udaktari hakimruhusu kunyamaza. Abalo alimjibu kwamba alikuja kupimiwa sigara, siyo jino. Okullo akasisitiza. Walibishana mpaka getini, na Abalo alikubali kwenda kliniki yake kwa sharti kwamba atangoja mpaka mukene wa juma lile waishe.

Jumamosi inayofuata sanduku halikufika. Anena alikuwa ametuma ile picha kwa wanachama, mwanachama mmoja akaituma kwa shemeji yake, na kufikia katikati ya juma ilikuwa imeingia kwenye simu za wanakwaya wa kanisa la Katembo. Kinywa cha Abalo hakikumshtua mtu. Katwe nzima ilikuwa inakijua. Kilichowashtua ni shemasi wao nyuma yake, amefumba macho ndani ya moshi, na uso wa mtu aliyefikishwa mahali pazuri.

Mchungaji Tresor alimwita. Hakuwa mtu mkali. Alimsikiliza Katembo tangu kwenye kochi hadi kwenye kibanda cha jenereta, akauliza swali moja tu kuhusu kile kioo, na akasema anaamini kwamba shemasi alikuwa akisali. Hata hivyo, alisema, kitu kinachomfanya mtu asali kwa hofu kiasi hicho hakifai kukaa nyumbani mwake. Akamshauri azichome.

Katembo alisema kwamba aliposikia hivyo alihisi mambo mawili kwa pamoja, kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana barabarani na bado ana safari. Hortense alihisi moja tu. Alisema maneno mengi kwa Kifaransa, kisha akakubali kwa sharti kwamba sanduku litabaki, kwa sababu halijamkosea Mungu na yeye hana pa kuweka nyuzi.

Basi Jumapili baada ya ibada waumini walitoka kwenda nyuma ya kanisa. Fundi jirani aliwaazima sigiri kubwa kuliko zote alizonazo. Mkaa ukawashwa, Mchungaji Tresor akaomba, na Katembo akaziweka sigara moja moja juu ya makaa, akizitazama kila moja kama abiria aliyemsindikiza. Kwaya ikaanza kuimba.

Moshi ulipanda wa buluu, ukajikunja, halafu upepo ukaulaza juu ya waumini wote.

Wimbo ukapunguza mwendo. Mzee mmoja wa sauti ya chini aliacha kuimba kabisa, akasema kwamba hii ni nyumba ya babu yake kule Bukavu, ghala la kahawa, mlango wa nyuma. Mwanamke aliyekuwa kando yake alisema siyo kahawa, ni asali iliyoungua kidogo sufuriani. Mwingine akapata karanga. Mwingine akasema ni mvua juu ya mbao mpya, na hapo wengi wakaitikia kwamba kweli, mvua ipo. Mchungaji aliwaomba warudi nyuma ili moshi usiwaingie. Hakuna aliyerudi. Yeye mwenyewe alisogea hatua moja, lakini ilikuwa kwenda mbele, na alipoona anatazamwa alisema alitaka kuhakikisha zinaungua sawasawa.

Abalo hakuwa wa kanisa lile, alikuwa Mkatoliki, lakini alikuwa akipita na beseni kichwani akasikia harufu. Mchungaji alipomwona amesimama penye uwazi wa ua wa mabati alidhani amekuja kutubu. Akaamuru aletewe kiti na akakalishwa mbele kabisa, kwenye kitovu cha moshi. Alikaa pale na beseni magotini mpaka makaa yakafunikwa na majivu.

Nje ya ua gari lilikuwa limesimama. Okullo na Ongom walikuwa wamekuja kumwuliza Katembo kwa nini Jumamosi hakuonekana, na walipoona moshi walielewa kabla hawajaambiwa. Hawakuingia. Ongom alivua kofia, akaiweka kifuani, akainua pua juu ya ua. Siku hiyo hakukuwa na waridi wala mvua, na ulimi wake ulikuwa mkavu. Alivuta pumzi ndefu mara moja, akaishikilia, akaiachia.

"Ni ya Kuba," alimwambia Okullo. "Mwaka mzuri sana."

Wakasimama hapo mpaka kwaya ilipomaliza ubeti wa mwisho, kisha wakaondoka taratibu, wakiendesha kama watu wanaotoka kuzika.

Chama kilimpa Abalo uanachama wa heshima, akaukubali kwa sababu ulikuja na chai na maandazi, ingawa alikwenda mara mbili tu. Anena alirekebisha kanuni, na sasa inataja upande. Jino aling'olewa na Okullo mwenyewe bila malipo, na kwa siku kadhaa alishindwa kuvuta, jambo lililomfanya awe mkali kwa wateja. Pengo lilipopona aligundua kwamba tumbaku ya Arua inakaa hapo vizuri kuliko zamani, kama imetengenezewa, na mtu anaweza kuongea bila kuitoa.

Watu wa Katwe walipenda kumuuliza kuhusu ile ya Kuba, hasa mafundi wa masigiri, wakati wa jua kali ambapo biashara imelala. Walitaka kujua ilikuwaje, kitu ambacho wakubwa wanakipandia mlima ili kukinusa. Abalo hakupenda kujisifu. Alichota mukene, akajaza kikombe cha kupimia, akaongeza kidogo juu kwa mteja, na moshi ukimtoka puani akawaambia kwamba ilikuwa nene.